Kwa Nini Luka Mihayo Aliacha Kurusha kwa Kasi

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum, ndugu zetu mliotoka Pangani na Mkwaja tangu alfajiri. Baba Paroko na wazee wetu wote, shikamooni. Mimi ni Leticia Zebedayo Mihayo, mdogo wake marehemu, fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Mbili pale Ngamiani. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa kaka yangu.

Kabla sijaanza, naomba mfungue ukurasa wa tatu wa ratiba mliyoshika. Pale chini mnaona sehemu nyeupe. Msidhani mchapaji aliishiwa wino. Pale palitakiwa paandikwe habari za ugonjwa, na sisi familia hatukuelewana. Tumekaa vikao viwili, tumepandishiana sauti, mchapaji akapiga simu kwamba anafunga duka, tukamwambia achape hivyohivyo. Maneno ya sehemu hiyo ninayo hapa kwenye daftari. Wapo kati yetu wasiotaka niyasome. Nawaheshimu na nawapenda, na mmoja wao ndiye aliyenizaa.

Na mnaomshangaa yule bwana aliyekaa ukingoni mwa kaburi, miguu kaining'iniza ndani, kofia ya marehemu kichwani, yule hajachanganyikiwa. Ni Miraji Shekhe wa Mkwaja, Mzigua, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Tangu juzi anatuchamba kwamba babu zetu walitembea kwa miguu kutoka Tabora na mizigo kichwani, walipoiona bahari wakadhani ni mwisho wa dunia, wakakaa. Leo kasema hatoki pale mpaka nisome mpaka neno la mwisho, na jeneza halishuki yeye akiwa pale. Mila mnaijua, mtani msibani hashikwi mkono wala hakasirikiwi. Kwa hiyo tuvumiliane na jua.

Marehemu Luka Zebedayo Mihayo alizaliwa tarehe 3 Machi 1984, Kambi Namba Tatu, shamba la mkonge la Kwemdoe, wilaya ya Muheza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Mzee Zebedayo Mihayo, mkata mkonge, na Mama Anjela Kasanda. Wa pili alikuwa Bryson, wa mwisho ni mimi. Babu yetu aliletwa kutoka Tabora enzi za manamba, akafia hukohuko kambini, na sisi tukawa watu wa Tanga.

Utoto wake ulikuwa wa kurusha vitu. Alisokota nyuzi za mkonge juu ya kokoto mpaka zikawa mpira mgumu, akawa anaulenga kila kilichosimama. Siku moja alilenga kofia ya nyapara iliyotundikwa mlangoni, hatua ishirini, akaiangusha ndani ya sufuria ya uji wa watu. Baba alimtandika. Nyapara aliitoa kofia, akaikung'uta, akasema, "Mzee Zebedayo, mpige leo, lakini mkono huo usiuvunje."

Tarehe 17 Juni 1993, saa nne asubuhi, Baba alikuwa kwenye mstari wake anakata mkonge. Aliinuka kunyoosha mgongo, akaanguka, hakusema neno. Alikuwa na miaka thelathini na minane na hajawahi kulazwa. Wengine walisema jua, wengine walisema kapigwa kombora la kichawi na mtu aliyetaka mstari wake. Kwenye wasifu wake, ambao Mama anao mpaka leo ndani ya Biblia, iliandikwa hivi: "Marehemu aliugua ghafla." Naomba mlishike neno hilo.

Baada ya hapo Mama alitubeba akaja Ngamiani, chumba kimoja, akawa anakaanga maandazi. Luka alimaliza shule ya msingi mwaka 1998, na sekondari ya kutwa hapahapa mjini mwaka 2002. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Walimu wake wanamkumbuka kwa utulivu na kwa kuchelewa, kwa sababu njiani kulikuwa na kiwanja cha kriketi ambako vijana wa Kihindi na wa Kiarabu walicheza wamevaa nyeupe, na Luka alikuwa akipita pale miguu inagoma.

Aliyemwingiza ni Bwana Qais, ambaye yuko nasi hapa, wa ile familia ya wafanyabiashara wa nazi wa Pangani. Wakati huo alikuwa kijana anakaa kwa shangazi yake mjini. Siku hiyo mpira ulivuka ukuta, Luka akaurudisha kwa mkono mmoja, ukapiga vijiti vitatu vya wiketi vikalala. Qais akamwambia, "We nani? Hebu rudia." Akarudia. "Una mkono, lakini huku ni kutupa jiwe. Kriketi mkono unanyooka." Basi mwaka mzima Luka alilala na rula ya mbao imefungwa kwenye kiwiko kwa kipande cha kanga ya Mama ili mkono uzoee kunyooka. Mama alilalamikia kanga ile mpaka siku Luka alipomletea mpya mbili, doti nzima, kutoka Dar es Salaam.

Kwa wasioujua mchezo huu, nitasema kidogo. Mrushaji anakimbia, anarusha mpira, na mpigaji analinda vile vijiti kwa gongo. Mipira sita ni ovari moja. Kriketi aliyocheza kaka yangu ni ile ya ovari zilizopangwa, hamsini au ishirini, zikiisha zimeisha. Hakuna kujivuta. Mrushaji wa kasi anakimbia hatua ishirini kwa kila mpira, tena na tena, kwenye jua letu hili.

Luka alikuwa wa kasi. Mwaka 2003 aliingia timu ya mkoa, mwaka 2008 akasaini mkataba na klabu moja ya Dar es Salaam, akawa mtoto wa kwanza wa Kambi Namba Tatu kula mshahara wa kucheza. Alivaa jezi ya taifa tangu mwaka 2009. Wapigaji walikuwa wakimwona anaanza mbio, wanameza mate. Sisi Ngamiani tulikuwa tunasikiliza redio dukani kwa Mzee Mudathir, na Luka akipata wiketi, yaani akimtoa mpigaji, barabara nzima inajua.

Katikati ya furaha hizo tulimzika Bryson. Tarehe 26 Desemba 2006 alikwenda Pangani na wenzake kula Krismasi. Akaingia mtoni kuogelea, karibu na pale kivuko kinapotia nanga. Bryson alikuwa anaogelea tangu ana miaka sita. Maji yalikuwa shwari. Mabaharia wa kivuko walisema hakupiga kelele wala hakuhangaika, aliacha tu kupiga mikono. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wasifu wake niliusoma mimi, nikiwa na miaka kumi na saba, na niliandikiwa niseme, "Alifariki ghafla kwa ajali ya maji." Nikasoma. Watu wakalia, tukala wali, tukatawanyika.

Tarehe 14 Novemba 2009 Luka alifunga ndoa takatifu na Skolastika, binti wa wakulima wa Lushoto, aliyekuwa akiuza karoti na kabichi sokoni Ngamiani. Alimchumbia kwa kununua karoti kila siku kwa miezi mitano, mtu ambaye karoti hali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lea aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2010, na Zebedayo mdogo aliyezaliwa mwaka 2016. Ndani ya nyumba ile sijasikia tusi. Luka alikuwa mtu wa kuosha vyombo akikasirika. Ukikuta vyombo vyote vinang'aa, ujue kuna jambo.

Sasa nafika kwenye sehemu nyeupe.

Tarehe 23 Agosti 2015, Jumapili, kulikuwa na fainali ya Kombe la Pwani, ovari hamsini. Ovari ya arobaini na nne, Luka alikimbia hatua zake, akafika katikati, akakaa chini kama mtu anayepumzika kuchuma mchicha. Watu wakasema jua. Yeye akasema jua. Lakini klabu ikampeleka hospitali, akapimwa umeme wa moyo, akapigwa picha ya moyo, na daktari akamkalisha.

Maneno ya daktari ninayo, kwa sababu Luka aliniambia neno kwa neno Julai mwaka huu. Alimwambia, "Misuli ya moyo wako imenenepa kuliko inavyotakiwa. Ukiutunza unaweza kuzeeka. Ukiukimbiza, unaweza kusimama siku yoyote bila kukuaga. Na maradhi haya mara nyingi hurithiwa. Baba yako alikufaje?"

Luka akajibu, "Aliugua ghafla."

"Ndugu zako?"

"Mmoja alizama."

Daktari hakuwa na la kuandika. Jamani, hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Yule daktari aliuliza swali la maana, na kaka yangu akamsomea wasifu. Hakudanganya. Alisema tulichomfundisha kusema. Alikuwa amefika Chalinze ndani ya basi la kurudi Tanga ndipo alipowaona wote wawili, Baba kwenye mkonge na Bryson mtoni, akaelewa, akashuka basi akakaa barabarani saa nzima.

Daktari alisema acha. Luka akasikia punguza. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mke, mtoto, mama, na kitu pekee alichokijua duniani ni kurusha mpira. Alikaa nje miezi mitano, aliporudi akaja na hatua nne tu badala ya ishirini, anarusha taratibu, mpira unazunguka hewani. Hakumwambia mtu sababu. Mke aliambiwa ni dawa za presha. Kocha aliambiwa ni goti. Na mji wetu huu, mnaukumbuka wenyewe, ulimpa jina. Kila akishika mpira, jukwaa zima linaimba, "Kobe! Kobe!" Wengi wenu mliosimama hapa mliimba. Na mimi mara moja nilicheka.

Aliyejua ni mmoja, huyo aliyekaa kwenye kaburi. Miraji alikuwa mlinda wiketi wa timu. Mlinda wiketi anachuchumaa nyuma ya vijiti, na kila mpira unaporushwa anamtazama mrushaji usoni. Luka alimwambia, "Mtani, wewe ndiye unayeniona. Midomo ikibadilika rangi, simamisha mchezo." Kwa hiyo kila Miraji akiona jasho lisilo la kawaida, anainua mkono, anainama kufunga kamba za pedi za miguuni, polepole, moja baada ya nyingine. Vidonge vya Luka alivificha ndani ya pedi hizohizo. Watu walimzomea kwamba Mzigua hajui kufunga hata kamba. Alikubali kuzomewa miaka minne.

Kuna mpira mmoja lazima niuseme. Tarehe 8 Oktoba 2017, fainali ya ovari ishirini, Dar es Salaam. Ovari ya mwisho, wapinzani wanataka mikimbio saba, yaani alama saba, washinde. Qais, nahodha, akampa Luka. Jukwaa likaguna. Mipira mitano, akawapa mikimbio mitano tu. Umebaki mmoja, wanataka miwili, na mpigaji aliyesimama ni yule aliyekuwa akimwita Kobe kwenye redio. Miraji akamwona Luka anarudi nyuma. Hatua nne, akapita. Kumi, akapita. Akafika ishirini. Miraji akainama kufunga kamba, mwamuzi akamwambia aache mchezo, asimame. Akapiga kelele kutoka nyuma ya vijiti, "We Mnyamwezi! Ukikimbia nakuzika hapahapa, na sanda sikupi!"

Luka akakimbia. Nimeuona mpira ule kwenye simu mara nyingi, kijiti cha katikati kiliruka kikaanguka nyuma ya Miraji. Watu walivamia uwanja, "Luka karudi! Luka karudi!" Luka alikuwa amelala kwenye sakafu ya choo cha wachezaji, na Miraji kamkalia pembeni anamhesabia pumzi. Alikuwa mjinga siku ile. Nasema kwa mapenzi yote, kaka yangu alikuwa mjinga wa mpira mmoja.

Hakurusha tena kwa kasi maishani. Aliacha kucheza mwaka 2019, akarudi Tanga kufundisha wasichana. Na katika wasichana hao alikuwamo mwanawe, Lea, ambaye tangu ana miaka kumi na mmoja ana video ya mpira ule ndani ya simu ya mama yake. Aliutazama mpaka akaujua kila hatua. Leo Lea ana miaka kumi na mitano, na hakuna msichana wa umri wake katika mkoa huu anayerusha kwa kasi kama yeye. Mbio zake ni zilezile za baba yake, hatua ishirini.

Mwezi Julai mwaka huu jina la Lea likatoka kwenye timu ya wasichana ya mkoa. Wiki hiyohiyo Luka alikuja kibarazani kwangu na suruali. Akasema, "Leti, nitie pindo." Nikaikunjua, ndani kuna karatasi za hospitali. Nikasoma, mguu ukaniganda kwenye cherehani.

"Miaka kumi, Luka?"

"Miaka kumi."

"Na Lea je?"

Akaanza kuikunja tena suruali. Nikamwambia, "Luka, mtoto huyu anakimbia kila siku mbele ya macho yako. Mwambie leo."

"Nikimwambia, namvunja."

"Na usipomwambia?"

Akaangalia barabarani. "Nitamwambia kabla hajasafiri. Niachie mimi, ni mwanangu. Nataka tuwe wawili tu."

Alijaribu njia ya pembeni. Alimwambia Lea apunguze mbio, ajifunze kurusha taratibu. Lea hakukubali, na hakuna mtoto mwenye kipaji ambaye angekubali bila sababu. Jumatano iliyopita, tarehe 10 Septemba, asubuhi, waligombana jikoni. Lea alimwambia, "Baba, uliweza. Ule mpira uliurusha. Ukaacha kwa sababu uliogopa. Mimi siogopi." Luka aliosha vyombo vyote, akaosha na sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Siku hiyohiyo saa kumi na nusu jioni, alikuwa kiwanjani anapanga vijiti kwa ajili ya mazoezi. Akakaa chini. Akasema, "Nipeni maji." Lea alifika wa kwanza, akampakata kichwa. Wakampakia kwenye bajaji, na kabla hawajafika hospitali alikuwa ameshatangulia. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, miezi sita na siku saba.

Tangu Jumatano Lea hajala. Hajalia pia. Mpaka asubuhi hii alikuwa chumba cha ndani na bibi yake, na kila nikiingia, Mama alikuwa ananitoa. Jana Mama aliniambia mbele ya wazee, nami nasema kwa heshima, Mama, kwa sababu ulilisema hadharani, "Leticia, ukitangaza maradhi ya ukoo, nani ataoa kwetu? Sema aliugua ghafla. Na mtoto aende kwenye mashindano yake, amtukuze baba yake." Wazee wakaitikia. Wengine wameshaanza kunong'ona kwamba Luka kaonewa wivu, karogwa, na wameshaanza kutazamana vibaya na watu wa klabu.

Mama, shikamoo. Nimekusikia. Lakini wa kuolewa sharti kwanza awe hai.

Nilitaka kumwambia Lea chumbani. Nimefikiri usiku mzima. Nikimwambia chumbani, kesho mtamwambia, "Shangazi yako kachanganyikiwa na msiba," na kesho hiyohiyo basi la timu linaondoka. Wifi yangu Skolastika nilimwuliza alfajiri ya leo. Akaniambia, "Wifi, kama kuna kitu kilichomuua mume wangu, usininong'oneze. Nataka nikisikie pale kaburini, mbele ya watu, kisije kikabadilishwa." Skola, basi ndicho hicho umekisikia, na nisamehe kwa miaka kumi ya vidonge vya presha. Nami nilijua tangu Julai nikakaa kimya, nikimngoja yeye aseme. Hilo ni langu, nitalibeba.

Naye Miraji usiku wa kuamkia leo alituambia sote tulipokuwa tumekaa turubaini, akiwa anacheka na machozi yanamtoka, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyie Wanyamwezi mmeumbuliwa mara tatu, mnangoja ya nne?" Mtani, nakushukuru. Nimebakiza majina ya aliowaacha tu.

Lea, mwanangu, nitazame. Hukumuua baba yako. Neno ulilosema asubuhi halisimamishi moyo wa mtu. Moyo ule alizaliwa nao, aliurithi kwa baba yetu, na Bryson alikuwa nao, na ungesimama hata kama asubuhi ile mngecheka. Na baba yako hakuwa mwoga. Aliitwa Kobe na mji mzima kwa miaka minne ili aendelee kuwa baba yako. Alichoogopa ni kimoja, kukuona wewe unaacha kukimbia, na hofu hiyo ilimfunga mdomo. Alikosea. Wazee mnisamehe, marehemu hasemwi vibaya, lakini alikosea, na sote tulimfundisha kukosea hivyo.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Anjela, aliyezika mume na wana wawili wa kiume kwa maradhi ambayo hakuna aliyewahi kumtajia jina. Tumpe pole, na tusimlaumu.

Ameacha mjane, Skolastika.

Ameacha dada mmoja, mimi Leticia. Nilipimwa tarehe 21 Agosti mwaka huu. Ninao. Mama, ndiyo, unasikia sasa, kaa vizuri. Nameza kidonge asubuhi na jioni, kila mwezi naonana na daktari, na cherehani yangu naiendesha kama kawaida. Mnayenitazama ndiye mimi yuleyule wa jana.

Ameacha mtoto wa kiume, Zebedayo, miaka tisa, ambaye atapimwa keshokutwa, Jumatatu.

Na ameacha binti, Lea Luka Mihayo, miaka kumi na mitano, mrushaji wa kasi. Basi la timu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na Lea hatapanda. Nimeshazungumza na Bwana Qais, nafasi yake haitajazwa na mtu mpaka majibu yatoke. Jumatatu saa mbili asubuhi, Lea, mimi na wewe na mdogo wako tutakuwa kwenye benchi la kliniki ya moyo. Daktari ameniambia ni nusu kwa nusu. Ukikutwa huna, nauli ya Dar es Salaam nitashona mpaka ipatikane na nitasimama uwanjani nikupigie kelele mpaka sauti inikauke. Ukikutwa unao, utalia, nami nitalia na wewe, kisha tutameza vidonge pamoja na utaishi uzeeke unichoshe. Nikasirikie mimi, mwanangu. Nina kifua cha kubeba hasira zako. Baba yako alitaka kukwambia haya mkiwa wawili tu, na hakuwahi.

Luka, kaka yangu, Mungu akupokee. Pumzika sasa. Mtoto ameshasikia.